Kahawia ya Namba 6

PROMPT $e[1;33;44m$p$g

Mstari huo mmoja, ukiandikwa kwenye kompyuta ya IBM yenye DOS 2.0 ya mwaka 1983, ulitosha kuuondoa weusi wa skrini. Namba 44 iliweka buluu nyuma ya maandishi. 33 pamoja na 1 zilileta manjano inayong'aa. Ukimalizia kwa CLS, skrini nzima inageuka buluu. Sharti lilikuwa faili la CONFIG.SYS liwe na maneno DEVICE=ANSI.SYS. Ukisahau, rangi huipati ng'o: unaoneshwa kishale kidogo na namba zako zote, na zinarudi kila ubonyezapo Enter.

Skrini ilibeba mistari 25 ya herufi 80, na kila herufi ilitengewa baiti mbili: moja ya herufi yenyewe, ya pili ya vazi lake. Katika hiyo ya vazi, biti nne zilitaja rangi ya herufi, tatu rangi ya nyuma, na iliyobaki ilisema kama herufi iwake na kuzima au itulie. Baiti 4000 tu, na ukurasa mzima umevaa. Hesabu hiyo hunifurahisha kila nikiirudia.

Hata hivyo, rangi ilidai malipo. Skrini ya kijani kitupu ilichora herufi katika nafasi ya nukta 9 kwa 14. Kadi ya rangi, CGA, ilikuwa na 8 kwa 8. Karani anayechapa barua kutwa alikuwa na haki ya kubaki na kijani chake.

Rangi zenyewe zilikuwa 16, kila moja na namba yake. Nyekundu, kijani na buluu ziliwashwa au kuzimwa, na juu yake palikuwa na swichi ya mng'ao. Ondoa ile 1 kwenye mstari wa juu, na 33 peke yake inakuletea namba 6, yaani nyekundu na kijani bila mng'ao. Kwa hesabu, hiyo ni manjano iliyofifia, kama bizari iliyoungulia chunguni. IBM hawakuiacha hivyo. Ndani ya skrini yao ya 5153 waliweka sakiti ya kuitambua namba 6 na kuipunguzia kijani, ili jicho lione kahawia. Sakiti kwa ajili ya rangi moja kati ya 16! Fundi anayejisumbua hivyo kwa ajili ya macho ya mtu asiyemjua anastahili heshima.

Windows bado ina amri ya COLOR, na mpangilio wa namba za rangi hizo 16 ni uleule: COLOR 1E hukupa manjano juu ya buluu. Nimeijaribu wiki hii, kisha nikaandika COLOR 06. Kwenye orodha ya Microsoft namba 6 inaitwa manjano, na ndivyo ilivyotoka: bizari iliyoungulia. Kahawia haimo tena.