Simu ya Makopo: Somo la Sauti Uani

Kopo tupu la maziwa halina heshima kubwa nyumbani. Pengine hutumika kwa kuchotea maji mtungini, pengine hutupwa jalalani, na mtoto aliokotaye hukemewa. Hata hivyo, makopo mawili na uzi vyatosha kumwonyesha mtoto kwamba sauti ni mtetemo, nao hausafiri pasipo kitu cha kuubeba.

Yatafutwe makopo mawili yaliyoondolewa mfuniko, uzi imara wa pamba upatao mita 10, msumari mwembamba na njiti ya kiberiti. Kazi ya kutoboa ni ya mtu mzima, naye ndiye apaswaye kuzigonga kingo kwa nyundo mpaka zilale, kwani zitagusa midomo na masikio. Tundu dogo litobolewe katikati ya kitako cha kila kopo. Uzi upenyezwe kutoka nje, ufungwe kwenye kipande cha njiti ndani ya kopo ili usichomoke. Kisha watoto wawili waachane hadi uzi ukazike, bila kugusa ukuta wala mti.

Mmoja anong'one katika kopo lake, mwenzake atege sikio. Kunong'ona ni sharti. Akipiga kelele atasikika kwa njia ya hewa, na somo litakuwa limepotea.

Watoto wengi hudhani sauti hupita ndani ya uzi kama maji yapitavyo katika bomba. Waonyeshwe kwamba uzi hauna tundu. Sauti ya msemaji hutikisa hewa iliyomo ndani ya kopo. Hewa hutikisa kitako. Kitako nacho huuvuta na kuuachia uzi upesi mno, mara mia na zaidi kwa sekunde moja. Mtetemo huo hufika kwenye kitako cha pili, ukatikisa hewa na kuingia sikioni. Asiyesadiki na anyunyize punje za mchele juu ya ngoma, kisha aipige polepole ukingoni: zitaruka, ingawa hakuna aliyezigusa.

Baada ya hapo mzazi asiwe mwepesi wa kueleza. Awaambie wasogeleane kidogo ili uzi ulegee, na maneno yatakatika. Waukaze tena, na mtoto wa tatu aubane katikati kwa vidole viwili. Maneno yatafifia, naye atahisi mtekenyo vidoleni. Waulizwe ni kwa nini, na waachwe wabishane.

Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1665 kwamba alikuwa amepeleka sauti mbali kwa njia ya waya uliokazwa, zaidi ya miaka 200 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu yake mwaka 1876. Waya wa Bell haukuhitaji kukazwa, kwa sababu ulibeba umeme. Simu ya mkononi nayo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa umeme, kisha kuwa mawimbi ya redio.

Mchezo huu waweza kufichua jambo jingine. Pengine yupo mtoto nyumbani aitwaye mkaidi kwa kuwa haitiki mpaka aitwe mara tatu. Iwapo wenzake wote wanasikia mnong'ono naye hasikii, wabadilishane makopo, kisha ajaribu sikio la pili. Simu ya makopo si kipimo cha daktari, lakini mtoto anayesikia kwa sikio moja tu, au asiyesikia kabisa, hafai kuchapwa kwa kosa la kutoitika. Huenda ni nta iliyoziba, huenda ni ugonjwa utoao usaha. Asitiwe njiti wala mafuta sikioni. Apelekwe zahanati akaangaliwe, na mwalimu wake aombwe amkalishe dawati la mbele.