Fahamu: Maji ya mazingira ni nini, na Turiani inaihusu vipi pwani?

Maji ya mazingira ni kiasi kinachopaswa kubaki mtoni ili mto na viumbe vyake viendelee kuishi, hata mashamba na viwanda vinapohitaji zaidi.

Kutoka Nguru hadi baharini

Turiani iko wilayani Mvomero, chini ya milima ya Nguru. Mto Diwale hushuka huko na kuingia Wami, unaomwaga maji Bahari ya Hindi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Pale maji baridi yanapokutana na ya chumvi ndipo mikoko huota na kamba wachanga hukulia. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda juu, na mvuvi huumizwa na maamuzi yaliyofanyika mbali naye.

Nani anayatumia?

Miwa ya Mtibwa na mpunga wa Mkindo. Ni ajira na chakula, hakuna wa kuvibeza. Mlimani kuna iliki: hulimwa kivulini, miti mikubwa ikibaki, lakini miche hufyekwa, hivyo msitu unaotunza chemchemi hukosa warithi. Hili halitazamwi vya kutosha.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya binadamu, kisha mazingira; kilimo na viwanda hufuata. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Unataka kuchepusha maji? Omba kwanza kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.