Sehemu ya fomu ikijikunja, ulichoandika bado kipo

Wanachama wamekubaliana chama kiwe na Paybill yake, na kwa kuwa wewe ndiye mweka hazina, kazi ya kuomba imekuangukia. Unafungua fomu kwa simu. Badala ya ukurasa mrefu unaona mistari mitano tu: Maelezo ya kikundi, Viongozi, Akaunti ya benki, Stakabadhi, Ada na masharti. Kila mstari una kamshale pembeni. Ukiugusa, sehemu inajikunjua na visanduku vya kujaza vinatokea. Ukigusa tena, inajikunja.

Fomu za aina hii zimekuwa nyingi, na si bure. Skrini ya simu ni ndogo. Maswali yote yakiwekwa wazi kwa pamoja, unasukuma ukurasa kwa kidole hadi unasahau ulikuwa unajibu nini. Zikikunjwa, unamaliza jambo moja kabla ya kuingia lingine. Shida ni kwamba kitu kikishaondoka machoni, tunachukulia kwamba kimeondoka kabisa.

Hakijaondoka. Kukunja si kufuta. Tuseme kwenye sehemu ya benki uliandika akaunti yako binafsi, kujaribu tu kama fomu itakubali, kisha ukaikunja ukaenda kwa viongozi. Ukibonyeza Tuma, ile nambari inaenda pamoja na mengine yote. Huenda anayekagua maombi akaigundua, huenda isigunduliwe. Ikipita, michango ya wanachama ikihamishwa kutoka Paybill kwenda benki, inaelekea kwako wewe. Sasa jaribu kuwaeleza wenzako kwenye mkutano wa Jumapili kwamba ulikuwa unajaribu tu! Kama kuna kitu hutaki kitumwe, kunjua sehemu, futa yaliyo kwenye kisanduku, ndipo uikunje.

Kuna lingine ambalo huwachosha watu sana. Umejaza, unabonyeza Tuma, na hakuna kinachotokea. Hakuna hata ujumbe wa kosa. Unabonyeza tena na tena, unalaumu mtandao, unanunua bando nyingine. Mara nyingine shida si bando. Ndani ya sehemu iliyokunjwa kuna kisanduku cha lazima ambacho hujakijaza. Kivinjari kinakataa kutuma fomu yenye pengo, halafu kinataka kukupeleka penye pengo hilo. Lakini kwa sababu kisanduku kimefichwa, hakiwezi kukufikisha, na ujumbe wa kosa hauonekani. Hilo ni kosa la aliyetengeneza fomu, wala si lako. Fomu nzuri hujikunjua yenyewe pale penye kosa, na hata ikiwa imekunjwa, mstari wake hukuambia "Imekamilika" au "Bado nafasi 2". Na kwa mteja asiyeona, ambaye simu yake humsomea skrini kwa sauti, mstari unapaswa kutamka kama sehemu iko wazi au imekunjwa. Usipotamka hivyo, atajuaje kwamba chini yake kuna maswali?

Ukikutana na fomu iliyokwama namna hiyo, usikimbilie kupakia ukurasa upya, kwa sababu unaweza kupoteza yote uliyojaza. Anza juu, kunjua sehemu moja moja, ukitafuta kisanduku kitupu, hasa chenye alama ya nyota.

Sehemu ambayo watu huruka ni ile ya mwisho, ya ada na masharti. Hapa tuna msimamo: maelezo marefu kuhusu ada yanaweza kukunjwa, lakini kiasi chenyewe utakachokatwa kinafaa kuonekana bila mtu kugusa mshale wowote. Angalia pia kama ndani kuna kisanduku ambacho tayari kimetiwa tiki, kinachosema umekubali nambari yako itumiwe kwa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari na itolewe kwa tendo lililo wazi la mwenye taarifa. Tiki uliyowekewa na mtu mwingine, mahali hukufungua, si tendo lako. Iondoe. Ukikuta data yako imetumiwa bila ridhaa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na ukikunjua sehemu ukakuta inaomba PIN yako ya kutuma pesa, toka kwenye ukurasa huo mara moja. PIN hiyo unaiweka kwenye menyu ya simu yako au kwenye ombi la malipo linalotokea kwa simu, si kwenye fomu ya tovuti. (KRA PIN ya kikundi ni kitu tofauti, hiyo unaweza kuulizwa.)

Kabla hujatuma, kunjua sehemu zote tano, zibaki wazi, usome kutoka juu hadi chini. Piga picha ya skrini pale penye akaunti ya benki, umtumie mwenyekiti na katibu wailinganishe na taarifa ya benki ya kikundi. Wakishajibu kwamba nambari ni sawa, bonyeza Tuma.