Mwendesha Baiskeli katika Lugha ya Magazeti: Mfano wa Kilema na Moshi

Barabara itokayo Kilema kushuka hadi njia kuu ya Himo na Moshi yapita katikati ya migomba na mibuni, nayo ina miteremko mikali. Mtu aishiye huko juu akiwa na baiskeli huipanda wakati wa kushuka, na wakati wa kurudi huikokota. Asubuhi hubeba mikungu ya ndizi au madumu ya maziwa; jioni hupandisha majani ya ng'ombe yaliyokatwa tambarare, kwa kuwa mashamba ya mlimani ni madogo na ng'ombe hufungwa zizini. (Jina la Kilema, ifahamike, ni la Kichagga, wala halina uhusiano na nomino ya Kiswahili inayofanana nalo.) Mtu huyu ndiye aitwaye katika magazeti na redio "mwendesha baiskeli", naye hutajwa huko hasa kwa sababu mbili: amegongwa, au amekuwa kero.

Makala hii yahusu namna anavyotajwa, na namna waendesha baiskeli wanavyojibu. Mara nyingi chuki ya vyombo vya habari dhidi ya baiskeli hutafutwa katika maneno makali, kama vile "kero", "vurugu" au "wavamizi wa barabara". Maneno hayo yapo, lakini ni rahisi kuyatambua na ni rahisi kuyakanusha. Lililo gumu zaidi limo katika sarufi yenyewe: katika viambishi, katika mpangilio wa kiima na shamirisho, na katika uteuzi wa kauli ya kitenzi. Mwandishi wa habari asiye na chuki yoyote aweza kuandika sentensi inayomhukumu marehemu, na msomaji asiye na chuki aweza kuisoma bila kushtuka.

Sentensi zitakazotolewa hapa ni vielelezo vilivyotungwa kwa kufuata kawaida ya habari za ajali. Hazikunakiliwa kutoka gazeti lolote. Kielelezo cha kwanza: "Mwendesha baiskeli agongwa na lori." Hiki ni kichwa cha habari cha kawaida, chenye wakati wa -a- upendwao na wahariri kwa ufupi wake. Kauli ya kutendwa yamweka aliyeumia mbele, jambo ambalo laweza kuonekana kuwa ni la heshima. Lakini baada ya "na", mahali pa mtenda, pamewekwa lori. Dereva hayumo. Akitajwa baadaye, hutajwa ndani ya kishazi tegemezi, "lori lililokuwa likiendeshwa na fulani", ambamo kuendesha ni maelezo ya lori tu, kama rangi yake au namba zake. Kisha lori huendelea kutenda lenyewe: liliacha njia, lilipoteza mwelekeo, lilishindwa kupanda mlima. Chombo cha chuma chapewa nafsi na hiari, na binadamu aliyeshika usukani hupotea.

Kwa upande wa baiskeli mambo hugeuka. Hapo chombo hakitendi kamwe, hutenda mtu. "Mwendesha baiskeli alikatiza barabara ghafla bila kuchukua tahadhari." Baiskeli haikuacha njia wala haikupoteza mwelekeo. Tena kiambishi cha kujirejea huja kwa urahisi: alijiingiza barabarani, alijigonga kwenye gari. Kiambishi hiki kidogo, -ji-, chatosha kumfanya mtu mmoja kuwa mkosaji na mkosewa kwa pamoja. Neno "ghafla" nalo lastahili kuangaliwa. Ughafla ni jambo la anayeona. Kinachokuja ghafla kwa dereva wa basi hakikuja ghafla kwa mzee aliyekuwa ameshaikokota baiskeli yake nusu saa kandokando ya barabara ile ile. Ripoti itumiapo neno hilo imekwisha kaa ndani ya gari na kutazama kupitia kioo cha mbele.

Kauli ya kutendana ina hila yake pia. "Lori na baiskeli viligongana." Kisarufi sentensi hii haina kosa: viima viwili vya ngeli mbalimbali vimeunganishwa chini ya vi-, na kiambishi -an- chaonyesha kwamba tendo limekwenda pande zote mbili. Lakini kiambishi hicho hugawa tendo sawasawa, nusu kwa nusu, baina ya chombo cha tani nyingi na kingine ambacho mtoto aweza kukiinua. Waliogombana, waliopigana na waliogongana wote huhesabiwa kuwa na sehemu katika jambo. Kwa hiyo -gongana si neno lisilo na upande, ingawa huchaguliwa kwa kudhaniwa kuwa halina.

Juu ya yote lipo neno "ajali". Asili yake ni Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai uliokwisha kadiriwa. Maana hiyo ya kudura haijafutika katika Kiswahili; ndiyo iliyomo katika methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Mtu "hupata" ajali kama apatavyo homa, na kitenzi hicho hakidai mtu wa pili. Katika Kiingereza suala kama hili limejadiliwa kwa muda mrefu. Jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilitangaza mwaka wa 2001 kwamba halitalitumia tena neno lenye maana ya ajali katika kurasa zake, kwa kuwa madhara mengi ya barabarani hutabirika na huzuilika. Mwaka wa 2021 ikatolewa nchini humo miongozo ya uandishi wa habari za migongano ya barabarani, iliyotayarishwa pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster, na mojawapo ya mambo inayoyataka ni kwamba atajwe dereva wala si gari peke yake. Walakini Kiswahili hakiwezi kuyachukua masharti hayo jinsi yalivyo. Neno "ajali" limebeba faraja ya dini kwa wafiwa, na si haki kuwaondolea wafiwa wa Kilema faraja hiyo kwa ajili ya usahihi wa takwimu. Linalowezekana ni kulitenga: ajali ibaki katika salamu za rambirambi, na katika habari litumike neno lieleza tendo.

(Hapa yafaa kudokeza, japo ni kando ya mada, kwamba katika Kiswahili cha Lubumbashi na Katanga kwa jumla baiskeli huitwa "kinga". Huko methali hiyo ingesikika kwa namna nyingine kabisa.)

Majina ya vyombo na ya watu yaonyesha mwelekeo huo huo. Kwa sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka wa 1973, baiskeli ni chombo kinachotumia barabara na mwenyewe anapaswa kuzifuata kanuni zake. Lakini katika maneno ya kila siku "vyombo vya moto" ndivyo vyombo hasa, na baiskeli huelezwa kwa kile isichokuwa nacho: usafiri usiotumia injini. Mwenye gari ni "dereva", neno la mkopo lenye hadhi ya kazi. Mwenye baiskeli ni "mpanda baiskeli", kana kwamba kazi yake ni kukaa juu yake tu, au "mwendesha baiskeli". Hili la pili ni jina bora kuliko linavyodhaniwa. Limetokana na -enda na kiambishi cha kusababisha: mwendesha ndiye akifanyaye chombo kiende, na hakuna anayestahili jina hilo kuliko mtu ambaye miguu yake ndiyo injini.

Hata jina la biashara limemtoka. Bodaboda zilianza katika miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nazo zilikuwa baiskeli; wenyewe waliwaita abiria kwa kulirudia neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo mtu akisema bodaboda mjini Moshi hakuna atakayefikiri baiskeli. Pikipiki imechukua abiria, ikachukua na jina. Huko Shinyanga baiskeli ya abiria iliitwa daladala, jina lililoazimwa kutoka kwa basi dogo. Huu ni mfano wa nadra wa baiskeli kupokea jina badala ya kunyang'anywa.

Athari ya mambo haya husikika barabarani kwenyewe. Huko Kilema mtu mzima aliyebeba maziwa husalimiwa kwa heshima ya umri wake; ni mzee, ni baba, ni babu fulani. Akifika njia kuu, utingo wa basi aliye na umri wa mjukuu wake humpigia kelele: "Wewe baiskeli, pisha!" Jina la chombo limemezwa badala ya jina la mtu, na pamoja nalo limekwenda neno la heshima. Madereva hawaitani "wewe lori" kwa kawaida hiyo. Huitana "dereva", au "suka", na hata katika matusi dereva hubaki mtu.

Sasa yatazamwe majibu. Waendesha baiskeli hawakunyamaza. Jijini Dar es Salaam uliundwa Umoja wa Waendesha Baiskeli, ujulikanao kwa kifupi UWABA, ambao umeandaa misafara ya baiskeli mjini ili kudai njia salama. Nairobi kumekuwa na mwendo wa pamoja wa kila mwezi tangu mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 serikali ya kaunti hiyo ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa siku ya baiskeli duniani mwaka wa 2018, na siku hiyo huwapa waandishi sababu ya kuandika habari ya baiskeli isiyo ya kifo.

Lakini majibu mengi, yakichunguzwa kwa sarufi, yanakubali hukumu huku yakiikataa. "Na sisi pia ni watumiaji wa barabara." Maneno "na" na "pia" yamkaribisha msemaji katika nyumba ambayo yeye mwenyewe amekwisha kiri kuwa ni ya mwingine. "Barabara si ya magari peke yake" ina kasoro hiyo hiyo: ukanushaji umeliacha gari katika nafasi ya mmiliki wa kwanza. Na "tunaomba madereva watujali" ni ombi la huruma, wala huruma si haki. Aombaye huruma hunyimwa bila aliyemnyima kuhesabiwa mkosaji. Jina la UWABA limefanya zaidi kuliko sentensi hizi, kwa sababu liliteua "waendesha" bila kuongeza "pia".

Yapasa kukiri kwamba upande wa pili una hoja. Baiskeli yenye breki mbovu ikishuka kutoka Kilema na mikungu mitatu nyuma ni hatari kwa watoto watokao shule, na baiskeli isiyo na taa haionekani usiku. Mwandishi asemaye hayo hasemi uongo. Tatizo huanza pale kasoro ya baiskeli moja inapogeuka kuwa sifa ya waendesha baiskeli wote, kwa wingi wa wa- usio na mpaka, ilhali breki mbovu za lori moja hubaki kuwa za lori lile lile. Hakuna asemaye "malori yana tabia hii" baada ya lori moja kuangusha watu.

Tena Kilema kuna jambo linalothibitisha kwamba si chombo kinachochukiwa. Kutoka Kilema hupanda njia ya magari ya huduma na uokoaji ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hadi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na njia hiyo imeruhusiwa kwa wageni wanaotaka kupanda mlima kwa baiskeli. Habari za wageni hao huandikwa kwa msamiati mwingine: ujasiri, michezo, utalii, utunzaji wa mazingira. Kitenzi chao ni cha kutenda: walipanda, walifika, walishinda. Magurudumu ni mawili kwa mgeni na kwa mwuza maziwa. Hata kukokota hukokota wote wawili pale mlima unapozidi nguvu. Tofauti iliyobaki ni ya aliye juu ya tandiko na shabaha ya safari yake: mmoja anacheza, mwingine anafanya kazi. Lugha ya habari imempa kiima anayecheza.

Kuhusu kukokota, msamiati wa habari una pengo. Mtu apandaye kuelekea Kilema jioni akiisukuma baiskeli yenye majani hapandi wala haendeshi. Ni mtembea kwa miguu mwenye mzigo. Akigongwa, ataandikwa "mwendesha baiskeli", na msomaji atamfikiria akiwa katika mwendo, akiyumba, pengine akikatiza. "Mkokota baiskeli" lingekuwa neno sahihi, na hakuna Mswahili asiyeweza kulielewa mara moja.

Wahariri hujitetea kwa ufinyu wa nafasi. Utetezi huo haushindi hesabu. "Mwendesha baiskeli agongwa na lori" ni maneno matano. "Dereva amgonga mkokota baiskeli" ni maneno manne, na yana watu wawili ndani yake. Wala kichwa hiki hakimtangulii hakimu, kwa maana -gonga hueleza tendo, na tendo si kosa mpaka lithibitishwe. Dereva aliyegonga aweza kuonekana hana hatia, na gazeti lisiwe limesema uongo.