Si kila kikohozi cha babu kinahitaji antibiotiki

Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akizidiwa na kikohozi, wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Kumbe damu inaweza kutoa mwanga kwanza.

Mwili ukipata uvimbe wa ndani au maambukizi, ini hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wagonjwa 653 waliozidiwa. Kati ya waliopimwa CRP, asilimia 57 walitumia antibiotiki. Kwa wasiopimwa, ilikuwa asilimia 77. Waliopimwa hawakupona vibaya zaidi. Madaktari walishauriwa kwamba CRP ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, huenda dawa hizo zisisaidie.

Hata hivyo, CRP hupanda kwa magonjwa mengi, hivyo majibu yasomwe na daktari pamoja na dalili, hasa rangi ya makohozi. Kutumia antibiotiki ovyo huzaa vimelea sugu, na siku mzee akizihitaji kweli zinaweza kushindwa.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akichanganyikiwa au midomo ikigeuka bluu, msisubiri kipimo. Mwahisheni hospitali.