Kabla ya Kununua Boti ya Uvuvi, Pima Maji Kwanza

Jumapili iliyopita, baada ya bukari na samaki wa Kasenga, mdogo wangu alisogeza sahani pembeni akanipa simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na boti nyekundu inayong'aa, fupi ya ubavu, sakafu yake bapa kama meza, nyuma imebeba mashine kubwa kuliko mfuko wa saruji. Akanionyesha picha ya pili: boti ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu, imefungwa ufukoni Kasenga. Ya tatu ilikuwa boti ya aluminiamu iliyotumika, inauzwa ng'ambo, upande wa Zambia.

"Yaya, kati ya hizi tatu nikamate gani?"

"Mdogo wangu, utavua wapi?"

Akanyamaza. Kwa wiki tatu alikuwa amelinganisha bei, rangi na nguvu za mashine, lakini jina la maji hakuwa amelitaja hata mara moja.

Fedha alizo nazo ni malipo ya mwisho ya miaka 14 ya kazi mgodini, na hazitakuja tena. Sisi wa Lubumbashi tunajua fedha za namna hiyo zinavyokwisha. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliingia katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wakapewa fedha kwa mkupuo. Wapo walionunua gari la abiria, wapo waliofungua duka, na wapo wengi ambao hadi leo wanajutia ununuzi uliofanywa kwa haraka. Boti nayo hununuliwa mara moja, lakini hula kila siku: mafuta, matengenezo, nyavu, mshahara wa wavuvi. Kwa hiyo ushauri niliompa naona nimpe kila msomaji anayefikiria kuingiza akiba yake majini. Linganisha kwanza boti na maji itakamoelea, kisha na mzigo itakaobeba. Ukishamaliza hapo, ndipo uweke boti kando ya boti.

Boti nyekundu ilizaliwa wapi

Ile boti ya kwenye simu ni ya kuvulia samaki anayeitwa bass, mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Afrika Mashariki naye yupo: aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Bass hupenda kukaa karibu na ukingo, kwenye majani na chini ya magogo, akivizia windo lake. Mvuvi humfuata kwa ndoana, amesimama mbele ya boti, anarusha chambo na kuvuta uzi.

Wamarekani wakamjengea mvuvi huyo chombo cha kumfaa: ubavu mfupi usimzuie, sakafu bapa asimame imara, mota ndogo ya umeme asogee bila kelele, tangi la maji la kutunzia samaki akiwa hai, na mashine kubwa ya kumkimbiza kutoka kona moja ya ziwa hadi nyingine. Forrest Wood alianza kutengeneza boti zake za Ranger mwaka 1968 katika mji mdogo wa Flippin, Arkansas, na leo boti za umbo hilo zimejaa kwenye maziwa ya nchi hiyo.

Kwa kazi hiyo ni chombo bora. Kinabeba watu wawili au watatu, fimbo zao na samaki wachache. Hakina mahali pa nyavu zilizolowa wala pa makasha kumi ya samaki na barafu. Na ubavu ule mfupi, ukikutana na mawimbi ya Ziwa Mweru siku ya upepo, utaingiza maji ndani.

Maji yetu hayafanani

Kuanzia Kasenga kuteremka, mto Luapula hupita kwenye vinamasi vipana kabla ya kuingia Mweru. Humo maji yametulia, njia ni nyembamba na matete yamebana kila upande. Chombo chepesi na chembamba, kinachosukumwa kwa kafi au pondo, hupita mahali ambapo propela ya mashine ingezongwa na majani hadi ikasimama.

Mweru lina tabia nyingine. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 5,000, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 10. Ziwa pana lenye maji mafupi hivyo hukasirika upesi: upepo ukianza, mawimbi huja mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa pumzi. Anayevua kutoka Kilwa au Pweto anahitaji boti yenye omo iliyoinuka, ubavu mrefu na mkuku wa kupasua maji.

Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, halina kina kirefu. Linataka tumbo bapa. Tanganyika, kule Moba na Kalemie, lina kina kinachofika mita 1,470, na upepo wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi huinua mawimbi makubwa ambayo boti ndogo haiwezi kushindana nayo. Hakuna chombo kimoja kitakachofaa kote huko. Muuzaji akikuambia kinafaa popote, mwulize yeye mwenyewe amekitumia wapi.

Mbao, faibagilasi au aluminiamu

Mtumbwi wa gogo moja bado unatawala vinamasini, ila mti mnene wa mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, haupatikani tena kwa urahisi.

Boti ya mbao ni nzito, na kila mwaka inadai kalafati na rangi. Ubora wake mkubwa ni kwamba ubao ukivunjika, fundi wa ufukoni anautengeneza kwa msumeno, nyundo na misumari, na kesho yake unarudi majini. Faibagilasi haiozi, inateleza vizuri majini na haihitaji kalafati. Lakini ikitobolewa na jiwe, utatafuta gundi na kitambaa chake maalumu huku Lubumbashi, na barabara ya kutoka Kasenga ni zaidi ya kilomita 200. Aluminiamu ni nyepesi, watu wachache wanaivuta hadi nchi kavu, lakini kuichomelea kunataka gesi ya argoni na fundi aliyeizoea.

Katika mji wetu wa shaba, hii ya mwisho inahitaji onyo. Shaba na aluminiamu zikigusana ndani ya maji, aluminiamu huliwa. Boliti ya shaba, au kipande cha waya wa umeme kilichosahauliwa chini ya sakafu, hutoboa tundu polepole bila mwenye boti kujua. Ukienda kuona boti ya aluminiamu iliyotumika, inua sakafu. Ukikuta unga mweupe kuzunguka ribiti, kwaruza hapo kwa ncha ya kisu. Kama bati limebaki jembamba, bei nafuu uliyotajiwa si nafuu tena.

Mzigo unazamisha kiasi gani

Nilichukua kalamu nikamwandikia mdogo wangu hesabu moja nyuma ya risiti. Boti yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2 pale maji yanapoigusa, ukiondoa pembe zilizochongoka, hukalia maji ya kama mita 5 za mraba. Tani moja ya mzigo inasukuma maji ya mita moja ya ujazo. Gawanya kwa 5: boti inashuka sentimita 20.

Sasa hesabu: wavuvi wanne, mashine, tangi la mafuta, nyavu zilizolowa, barafu na samaki. Tani moja imekwisha kufika. Kama boti tupu ilikuwa na ubavu wa sentimita 35 juu ya maji, zimebaki 15, urefu wa kiganja tu. Wimbi la Mweru halihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiulize boti ni ya mita ngapi tu. Uliza ubavu unabaki na kimo gani ikiwa imejaa.

Tusisahau Oktoba 3, 2024, boti iitwayo Merdi ilipopinduka Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi na nchi kavu ikionekana. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu liingie kwenye bei ya boti tangu siku ya kwanza.

Farasi wengi, mafuta mengi

Mashine ndiyo inayowadanganya wanunuzi wengi. Boti nzito ya mzigo, isiyopanda juu ya maji, ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Kwa mita 6, kikomo hicho ni kama kilomita 11 kwa saa. Ukiifunga mashine ya nguvu za farasi 40 itachimba maji na kuinua wimbi nyuma, huku mafuta yakikwisha. Farasi 15 zinaitosha. Mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili, ikikimbizwa hadi mwisho, hunywa mafuta mengi; ya mipigo minne hunywa kidogo kuliko hiyo, ila ni nzito na ghali zaidi.

Kumbuka pia kwamba Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya mashine kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo usinunue kwa kubana. Pima vilevile ubao wa nyuma unaoshika mashine: mguu mfupi unataka ubao wa kama sentimita 38, mrefu kama 51. Ukikosea hapo, propela itanyonya hewa au itakwangua mchanga.

Ziwa nalo lina hesabu yake

Kasenga ina kumbukumbu ambayo mnunuzi wa leo anapaswa kuijua. Katika enzi ya ukoloni wafanyabiashara Wagiriki walijenga pale biashara ya samaki kwa ajili ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mji ulioanzishwa mwaka 1910, na kwa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Walikuwa na boti, barafu na malori. Samaki waitwao mpumbu walivuliwa kwa wingi walipokuwa wakipanda Luapula kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 samaki huyo aliyejaza malori alikuwa ameadimika. Leo soko letu linategemea samaki waitwao pale, na chisense wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.

Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Samaki hao ni wetu pia, hawajui mpaka. Anayenunua boti kwa mkopo unaolipwa miezi 12 bila kupumzika atajikuta anavua wazazi wa samaki wa mwakani. Panga hesabu ya miezi tisa. Boti isiyoweza kujilipa kwa miezi tisa ni kubwa mno kwa mfuko wako.

Siku ya kujaribu

Usilipe ukiwa nchi kavu. Fika alfajiri na uguse mashine: kama ina joto, wamekwisha kuiwasha kabla hujafika ili kuficha ugumu wake wa kuwaka. Ikiwaka, angalia kitundu cha maji ya kupozea. Yanapaswa kutoka kwa nguvu. Choma mbao kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na chini ya mashine, mahali maji ya mvua hutuama. Kisu kikizama kama kwenye mkate, ondoka. Kisha pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wako wa kweli, kaa majini saa mbili, na urudi ukipima maji yaliyoingia. Mchukue mvuvi wa pale pale asiyejuana na muuzaji, umlipe kwa siku yake.

Mdogo wangu ameamua kuvua Mweru, kutoka Kilwa. Kwa maji hayo na mfuko wake, nilimwambia wazi: boti ya mbao ya mita 7, omo juu, ubavu mrefu, mashine ya farasi 15, na theluthi moja ya fedha ibaki benki kwa nyavu, vipuri, majaketi na miezi ya kufungwa kwa ziwa. Wiki ijayo anapanda gari kwenda kuiona. Nawe unayesoma, kama una fedha ya boti mkononi, nenda kwanza ukakae ufukoni siku tatu, uyatazame maji asubuhi, mchana na usiku. Nauli ya Kasenga ni ndogo kuliko hasara ya boti.