Msumeno wa Kuni Unapokufa: Ya Kupima Kabla ya Kununua Mwingine

Katika kata za nyanda za juu za Wilaya ya Mufindi, kuanzia Igowole hadi Mdabulo na Kibengu, kuni si hitaji la jikoni pekee. Shule huzitegemea kupikia wanafunzi, wachoma tofali huzinunua kwa lori, na viwanda vya chai hukaushia majani kwa moto wa milingoti. Kwa sababu hiyo msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chensoo, umekuwa mali ya kaya na ya vikundi. Mashine hiyo inapokufa, mwenye nayo hukimbilia ama kununua kubwa kuliko zote zilizopo dukani, ama ile ya bei ya chini kuliko zote. Mara nyingi njia hizo mbili humrudisha dukani mapema kuliko alivyotarajia.

Swali la kwanza ni iwapo msumeno umekufa kweli. Mashine isiyowaka huenda ina plagi chafu, chujio la petroli lililoziba au mpira wa mafuta uliopasuka. Hayo ni matengenezo madogo. Hali ni nyingine ikiwa pistoni imekwaruzika. Fundi akifungua eksozi anaweza kuiona kupitia tundu la silinda: pistoni nzima hung’aa, na iliyoungua huwa na mistari ya wima. Gharama ya silinda na pistoni mpya ikikaribia nusu ya bei ya msumeno mpya wa aina hiyo, ni busara kuachana nao.

Hata hivyo, ni lazima kwanza ijulikane kilichoiua mashine ya zamani. Injini hizi hazina oili yake ya ndani kama ya gari. Hulainishwa na oili ya tustroki iliyochanganywa katika petroli. Watengenezaji wengi huagiza sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja au mililita 100 kwa lita tano. Baadhi ya oili na mashine za zamani huhitaji moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Anayekadiria kwa jicho, au kwa kifuniko cha chupa ya maji, ataua msumeno mpya kwa njia ile ile.

Kuhusu ukubwa, mti unaokatwa ndio uamue. Milingoti, miwati na misindano ya kuni inayopandwa na wanakaya kwa kawaida huvunwa ikiwa na unene usiozidi sentimita 30 hivi. Kwa kazi hiyo injini yenye ujazo wa sentimita za ujazo 40 hadi 50, pamoja na bapa la kuongoza mnyororo lenye urefu wa sentimita 35 hadi 45, inatosha. Gogo nene likitokea, hukatwa kwa pande mbili. Mashine zenye ujazo wa 30 hivi ni nyepesi na hufaa kupogoa na kukatia kuni za nyumba moja, lakini hazikuundwa kwa kazi ya kutwa nzima ya kila siku. Zile kubwa za wapasua mbao, zenye ujazo unaopita 100, huwa na uzito wa kilo kumi na zaidi kabla ya kuwekewa bapa na mafuta. Kuzibeba mlimani ili kukata matawi ni kuchosha mikono bure, na mikono iliyochoka ndiyo inayojikata. Tena baadhi ya mashine kubwa za muundo wa zamani hazina breki ya mnyororo.

Breki hiyo haifai kuachwa kwa sababu yoyote ya bei. Ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi au gogo la nyuma, msumeno huruka ghafla kuelekea uso na shingo ya mkataji, kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuiwahi. Mnyororo wakati huo hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde. Kinga ya mbele ya mkono ndiyo inayovuta breki. Dukani mnunuzi aisukume mbele, mashine ikiwa imezimwa, kisha ajaribu kuuvuta mnyororo kwa mkono uliovaa glavu. Usisogee hata kidogo. Aangalie pia kufuli la kiwashio, ambalo huzuia mafuta kubonyezwa kwa bahati mbaya, na kishikizo cha kudaka mnyororo unapokatika. Mashine ikiwashwa na kuachwa ingurume taratibu, mnyororo usimame. Ukizunguka, klachi au kabureta ina hitilafu.

Bajeti ya msumeno ihesabiwe pamoja na kofia ngumu yenye kioo cha uso, vizuia kelele, buti zenye chuma mbele na suruali ya kinga. Kelele za mashine hizi hupita desibeli 100, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Ikiwa fedha haitoshi vyote, inunuliwe mashine ndogo zaidi pamoja na vifaa vya kinga.

Mashine zilizotumika hupatikana kwa wingi, na si zote mbaya. Kipimo rahisi ni hiki: injini ikiwa imezimwa na baridi, iinuliwe kwa mpini wa kamba ya kuwashia pekee. Ikishuka polepole kwa kukatakata, mgandamizo wa silinda ni mzuri. Ikiporomoka moja kwa moja, imechoka. Muuzaji anayekataa kipimo hicho ameshajibu. Kwa mashine mpya hatari ni bidhaa bandia zenye rangi na maandishi ya kampuni zinazojulikana. Bei iliyo chini mno na kutokuwapo kwa kitabu cha maelekezo ni dalili za kutosha kuondoka. Risiti ya EFD idaiwe na itunzwe, kwa kuwa bila hiyo malalamiko kwa Tume ya Ushindani hukosa pa kusimamia. Muhimu kuliko jina la kampuni ni kama vipuri vyake vinapatikana Mafinga au Iringa.

Jambo moja la nyanda za juu husahaulika. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam huingiza petroli nyingi kupita kiasi: moshi huongezeka, plagi huwa nyeusi, nguvu hupungua. Fundi ataweza kurekebisha. Lakini mwenye msumeno akishuka nao kufanya kazi bonde la Kilombero, ni sharti urekebishwe upya, kwani kule chini petroli itakuwa haba kwa hewa iliyopo na pistoni itaungua.

Mnyororo nao una vipimo vitatu: umbali kati ya vifundo, unene wa jino linaloingia kwenye mfereji wa bapa, na idadi ya meno hayo. Vyote vitatu vilingane na bapa. Tupa ya mviringo inunuliwe kwa kipimo cha mnyororo, kwani milimita 4.0, 4.8 na 5.5 hazibadilishani. Mnyororo mkali hutoa maranda. Ukianza kutoa unga, unanolewa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isitumike kulainishia: chembe zake za chuma hula bapa na pampu, na hudhuru ngozi na udongo.

Anayekata kuni mara mbili kwa mwaka hana haja ya kununua. Kumlipa mkataji mwenye uzoefu kutamgharimu kidogo.

Msumeno mpya hautoi ruhusa ya kukata mti popote. Kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kuvuna katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na kifaa kilichotumika kinaweza kutaifishwa. Hata mwenye miti shambani mwake amwone Afisa Misitu wa Wilaya kuhusu taratibu za uvunaji na hati ya kusafirishia kabla ya kupakia. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokusudia kuufanya msumeno kuwa mradi vinaweza kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na katiba ya kikundi na andiko la mradi linaloonyesha bei ya mashine, ya vifaa vya kinga na ya matengenezo.